Asiye na Hatia Ana Haja Gani na Wakili?



Kuna neno linalopita sana katika baraza za miji yetu ya pwani, na kwa kuwa lapita kila siku hapana alipimaye. Kijana akichukuliwa na polisi, na watu wake wakaenda mbio kutafuta wakili kabla hajahojiwa, wasikiao husema: "Kama hakufanya kitu, wakili wa nini? Asiye na hatia haogopi kusema." Na neno hili lina nduguye, ambalo husemwa iwapo kijana mwenyewe ajulikana kuwa si mwema: "Huyu kafanya. Wakili wa nini tena? Atamfundisha uongo tu."

Tukiyaweka maneno haya mawili pamoja twaona jambo la ajabu. La kwanza lamnyima wakili asiye na hatia, kwa kuwa ati hamhitaji. La pili lamnyima mwenye hatia, kwa kuwa ati hamstahiki. Basi ni nani aliyebaki? Hakubaki mtu. Na haki ambayo mwema hana haja nayo, wala mwovu hana ruhusa nayo, ni haki isiyokuwapo. Kwa hiyo tumeona yafaa tuyapime maneno haya moja baada ya moja, kwani ndimi zetu ndizo zinazowahukumu watoto wetu kabla hakimu hajaketi.

Tuanze na asiye na hatia. Wasemao kwamba mtu wa namna hii haogopi kusema hawajafikiri jinsi chumba cha kuhojiwa kilivyo. Ndani ya chumba hicho wako watu wa namna mbili. Mmoja aijua sheria, aijua saa, na mlango u mikononi mwake. Akichoka atakwenda nyumbani ale, alale, na mwenzake ashike nafasi yake. Wa pili hajui ameshitakiwa kwa lipi hasa, hajui atatoka lini, hajui mamake ameambiwa nini, na kila neno alisemalo laandikwa na mkono usio wake. Akinyamaza aambiwa kwamba kunyamaza kwake ni dalili. Akisema, na maneno yake ya asubuhi yakahitilafiana kidogo na ya jioni, aambiwa kwamba ni mwongo. Mwishowe hutakiwa jambo moja jepesi: "Sema ndiyo, utie sahihi, yaishe." Mtu aliyechoka, mwenye hofu, hulinganisha shida aliyo nayo sasa na shida asiyoiona bado, akachagua kuiondoa hii ya sasa. Hudhani kwamba ukweli utamtetea mbele ya hakimu. Hajui kuwa ukweli wake ameshauzika kwa mkono wake mwenyewe.

Mtu asidhani kwamba twasema haya kwa kukisia. Tutatoa mfano wa Uingereza, nchi ambayo sheria zetu nyingi za jinai zatokana nayo. Tarehe 22 Aprili 1972, katika mtaa wa Catford mjini London, nyumba moja ilishika moto, na ndani yake ikakutwa maiti ya mtu aitwaye Maxwell Confait. Hakufa kwa moto, alikuwa amenyongwa. Baada ya siku chache polisi waliwakamata vijana watatu. Mmoja alikuwa wa miaka 18, lakini akili yake ilikuwa kama ya mtoto wa miaka minane. Wa pili alikuwa wa miaka 15, na wa tatu wa miaka 14. Walihojiwa pasi na mzazi wala wakili, na wote wakakiri. Wazazi waliletwa baadaye, wakati wa kuyaandika maneno hayo rasmi. Huyu mkubwa wao alikuwa na mashahidi wa kuonyesha alipokuwa jioni ile, lakini ushahidi wao haukufaa kitu mbele ya kukiri kwake. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wote watatu wakatiwa hatiani.

Walikaa kifungoni miaka mitatu. Mwezi wa Oktoba 1975 Mahakama ya Rufani ikazifuta hukumu zile, kwani ilidhihirika kwa ushahidi wa wataalamu kwamba saa aliyokufa yule mtu haiwezi kabisa kupatana na yale waliyoyakiri. Na mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu wa serikali yenyewe akasema Bungeni kwamba vijana wale hawakuwa na hatia.

Sasa twawauliza wale wasemao kwamba asiye na hatia haogopi kusema: vijana hawa walisema nini? Walisema yale waliyotakiwa kuyasema. Lau pangalikuwa na mtu mmoja tu katika chumba kile, ambaye kazi yake ni kuuliza, "Saa hii mnayoiandika yapatana na maiti? Mtoto huyu afahamu anachoulizwa?", huenda miaka mitatu ile isingalipotea. Waingereza wenyewe waliliona hilo. Baada ya uchunguzi na tume, ikapitishwa sheria ya mwaka 1984 ya kuongoza kazi ya polisi na ushahidi wa jinai, nayo ikampa aliyezuiliwa kituoni haki ya kushauriana na wakili kwa faragha, pasi na malipo.

Na tusiwasahau wengine wawili katika kisa hiki. Wa kwanza ni huyo aliyeuawa. Wako wasemao kwamba kumtetea mtuhumiwa ni kumdhulumu aliyedhulumiwa. Walakini ni nani aliyemdhulumu Confait mara ya pili? Ni ile karatasi ya uongo, iliyowafanya watu wadhani kwamba damu yake imekwisha kulipiwa. Na wa pili ni muuaji wa kweli, ambaye muda wote huo hapana aliyemtafuta. Kukiri kwa uongo humfunga asiyefanya na kumfungulia aliyefanya, kwa wakati mmoja. Basi mama aliyeuliwa mwanawe ndiye wa kwanza kupasiwa kutaka kwamba anayeshikwa ahojiwe kwa haki, ili ajue kuwa aliyefungwa ndiye.

Tuje sasa kwa neno la pili: mwenye hatia, wakili wa nini? Hapa twakwenda Marekani, kwa mtu ambaye jina lake limekuwa mashuhuri ilhali mwenyewe hakuwa mtu wa kusifiwa. Mwezi wa Machi 1963, mjini Phoenix katika jimbo la Arizona, polisi walimkamata Ernesto Miranda kwa tuhuma ya kumteka msichana na kumwingilia kwa nguvu. Alihojiwa kwa muda wa saa mbili, na hapana aliyemwambia kwamba yuna haki ya kuwa na wakili. Zilipokwisha saa hizo palikuwa na karatasi ya kukiri yenye sahihi yake. Na juu ya karatasi ile palikuwa pamepigwa chapa maneno ya kwamba amekiri kwa hiari yake, naye azijua haki zake za kisheria. Hebu na tuyafikiri maneno hayo. Mtu hakuambiwa haki zake, kisha akatiliwa sahihi ya kwamba azijua.

Tarehe 13 Juni 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba ushahidi wa namna hiyo haukubaliki. Ikaamuru kwamba mtu aliye mikononi mwa polisi aambiwe kabla ya kuhojiwa: kwamba aweza kunyamaza, kwamba asemalo laweza kutumiwa dhidi yake, kwamba yuna haki ya kuwa na wakili pamoja naye, na kwamba akiwa hana mali atawekewa wakili. Majaji wanne waliopinga waliona hatari ya kwamba wahalifu watarudi mitaani. Je, Miranda alirudi mitaani? Hakurudi. Mwaka 1967 alishitakiwa tena, na safari hii pasi na ile karatasi. Mwanamke aliyekuwa akikaa naye alitoa ushahidi kwamba mwenyewe alimwambia alilolifanya, naye akatiwa hatiani tena na kufungwa. Haki haikumwokoa mkosaji. Iliwalazimisha tu wenye kushitaki watoke, watafute, na wathibitishe, badala ya kukaa kitini na kungoja kinywa cha mtu kichoke.

Naye Miranda, baada ya kutoka kifungoni, aliuawa kwa kisu katika ugomvi wa ulevini mwezi wa Januari 1976. Polisi walipomkamata mtu waliyemshuku, walimsomea yale yale maneno yaliyopatikana kwa kesi ya yule aliyeuawa. Wala hapana shaka kwamba hivyo ndivyo ilivyopasa. Sheria isiyomlinda ila tumpendaye haiitwi sheria. Huo ni upendeleo.

Hatusemi kwamba hapana hata mkosaji mmoja atakayeponyoka kwa njia hii. Ataponyoka, na kusema vinginevyo ni kujidanganya. Lakini wanazuoni wetu walikwishaipima mizani hii kabla yetu, wakaona kwamba mwenye kuhukumu akikosea katika kusamehe ni afadhali kuliko kukosea katika kuadhibu, na kwamba adhabu zilizo kali huzuiwa penye shaka. Aliyeponyoka leo aweza kushikwa kesho kwa ushahidi mwingine, na akiponyoka kesho yako mahakama asiyoiponyoka mtu. Ama aliyefungwa kwa dhuluma, nani atamrudishia siku zake?

Hapa yatokea hoja iliyo nzito kuliko zote mbili, na hatupendi kuipita kando. Wako watu wema waulizao: Muislamu ameamrishwa kusema kweli hata juu ya nafsi yake; basi vipi atafundishwa kunyamaza mpaka aje wakili? Je, huku si kuficha ushahidi?

Twajibu kwamba amri ya kusema kweli ni amri aliyopewa mtu juu ya nafsi yake, baina yake na Mola wake. Si ruhusa aliyopewa mwingine kuikamua nafsi hiyo mpaka iseme. Na mambo haya mawili yatofautiana sana. Tukitaka kujua mwenye mamlaka ampokee vipi mwenye kukiri, na tukitazame kisa cha Maiz, ambacho wengi wetu tumekisikia darasani. Alikuja kwa miguu yake kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akakiri kosa lake. Mtume akamgeuzia uso. Akaja upande wa pili, akageuziwa tena, mpaka ikawa mara ya nne. Kisha akaulizwa kama yuna wazimu, na watu wake wakaulizwa hali ya akili yake, na yeye mwenyewe akafunguliwa mlango wa kusema kwamba labda alilolifanya ni dogo kuliko alivyolisema. Hii ndiyo namna ya kumhoji mtu aliyekuja mwenyewe, bila ya kukamatwa wala kutishwa. Mwenye kuhukumu alikuwa akitafuta sababu ya kutoikubali ikrari. Leo ikrari hutafutwa kama mali iliyopotea. Na wanazuoni wamesharitisha kwamba mwenye kukiri awe na akili zake na hiari yake. Ikrari ya aliyelazimishwa haina maana hata kama ameitia sahihi mara kumi.

Ama wakili, si mtu mgeni katika dini yetu. Katika madhehebu yetu ya Shafii mtu aweza kumweka wakili katika madai, akiwa hadhiri au ghaibu, mkhasimu wake aridhi asiridhi. Si kila mtu aliyepewa ulimi wa hoja, na kushindwa kusema si dalili ya kukosa haki. Walakini hatumtetei wakili afundishaye uongo. Huyo ni mshirika wa dhambi, na ujira wake ni haramu. Tumtakaye ni yule anayemwambia mteja wake, "Usiseme uongo, wala usikubali kusemeshwa uongo." Na nusu hii ya pili ndiyo ambayo mtu peke yake chumbani hawezi kuitimiza.

Sasa turudi nyumbani. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wadhani kwamba haya ni mambo ya London na Phoenix. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 49, yasema kwamba aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake, na haki yake ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Yampa haki ya kuwasiliana na wakili, na watu wengine ambao msaada wao wahitajiwa. Yakataza alazimishwe kukiri. Yaamuru afikishwe mahakamani upesi, na si zaidi ya saa 24, ila ikiwa saa hizo zimeishia wakati ambao mahakama haikai. Na Sheria ya Ushahidi haikubali kukiri kulikofanywa nje ya mahakama, ila mbele ya ofisa wa polisi asiyepungua cheo kilichowekwa na sheria, na awepo mtu wa tatu ambaye mtuhumiwa mwenyewe amemchagua.

Na tuyaangalie vizuri maneno hayo: mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Hakutajwa kwamba lazima awe mwanasheria. Basi ni wangapi katika mitaa yetu wajuao kwamba sheria imewawekea kiti ndani ya chumba kile? Baba, ami, mjomba, mwalimu wa chuoni, jirani mwenye busara, yeyote kati yao aweza kuitwa. Kijana asiyejua kwamba aweza kumtaja mtu hatamtaja. Na mzee asiyejua kwamba aweza kutajwa atakaa nje ya lango la kituo mpaka jua litue, akisubiri huruma, naye kumbe alikuwa na nafasi yake ndani.

Kasoro ziko, wala hatuzifichi. Kubwa kuliko zote ni mali. Wakili ataka ujira, na mwenye kuchukuliwa usiku aghalabu ni mtoto wa maskini. Katiba yasema kwamba mshitakiwa atawekewa wakili na serikali iwapo pasipo hivyo dhuluma kubwa yaweza kutokea, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilipitishwa kwa ajili ya kuwasaidia wasio na uwezo. Lakini baina ya karatasi na mlango wa kituo pana masafa marefu, na saa 24 za mwanzo, ambazo ndizo saa za hatari, hupita upesi. Haki iliyomo ndani ya Katiba, ambayo hawezi kuinunua ila tajiri, ni kama kisima kilichofungwa kwa kufuli: maji yamo, na wenye kiu wako.

Na kazi hii ya kusimama na mtuhumiwa si kazi nyepesi.  Mwezi wa Juni 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake, ambaye alikuwa amemshitaki ofisa wa polisi, na dereva wao, walipokuwa wametoka mahakamani. Mwaka 2022 mahakama iliwatia hatiani maofisa watatu wa polisi na raia mmoja. Twalitaja hili ili wale wawaitao mawakili watetezi wa wezi wajue kwamba wako waliolipa kwa roho zao ili mnyonge mmoja asikilizwe.

Tena wako watakaosema: haya yafaa kwa wizi wa kuku, lakini si kwa tuhuma za ugaidi. Twaona kinyume chake. Kadiri tuhuma inavyokuwa kubwa, ndivyo hasira za watu zinavyozidi, ndivyo haja ya kumpata mtu yeyote inavyokuwa kali, na ndivyo kosa linavyokuwa ghali. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Atakaye kuijua haja ya wakili asiitazame tuhuma ndogo, aitazame ile ambayo mtu akishatajwa nayo hata jirani humkimbia.

Basi twafanya nini? Kwanza, tuliache lile neno la barazani. Anayetafutiwa wakili hakukiri kitu. Pili, tuwafundishe vijana wetu, wa kike na wa kiume, maneno machache wayahifadhi kama wanavyohifadhi jina la baba: "Nimekamatwa kwa sababu gani? Nataka kuzungumza na wakili. Nataka fulani awepo. Sitatia sahihi nisichokisoma na kukifahamu." Wayaseme kwa adabu, pasi na matusi wala kupigana, kwani ofisa naye ni mtu, na wako wenye kutenda kazi yao kwa uaminifu. Tatu, kila mtaa uwe na watu wawili watatu waliokwisha kukubali kuitwa saa yoyote, na uwe na mfuko mdogo wa kumlipa wakili wa siku ya kwanza. Twachanga kwa harusi na twachanga kwa matanga. Hatushindwi kuchanga kwa hili. Nne, wale miongoni mwa watoto wetu wanaosoma sheria wakumbushwe kwamba hii ni faradhi ya kutoshelezana: asipokuwapo hata mmoja wa kuitenda, twapata dhambi sote.

Na la mwisho ndilo zito, kwa kuwa latuhusu sisi wenyewe. Watu ambao wakisikia ukelele wa "mwizi!" hukimbilia mawe na mipira ya gari hawana uso wa kudai haki kituoni. Yule anayepigwa barabarani naye ni mtuhumiwa. Hakuulizwa, hakusikilizwa, wala hakupewa wakili. Mkuki ukiwa kwa nguruwe ni mtamu. Tukitaka polisi amsikilize mwanetu kabla ya kumhukumu, na tumsikilize sisi mtoto wa mwenzetu kabla ya kuokota jiwe.

Wazee wetu walisema: mnyonge mnyongeni, na haki yake mpeni. Hawakungoja ajulikane kuwa ni mwema ndipo apewe, wala hawakusema kwamba mwema haihitaji. Walisema ni yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.